Puli yenye kitumbo

Mwaka 2016 oda za visu zilinizidi nguvu. Nilikuwa na kibanda nyuma ya nyumba yetu Makorora, Tanga, jiko la mkaa lenye feni ya kupulizia, kipande cha reli nilichokifanya fuawe, na tupa. Tupa ndiyo ilikuwa mashine yangu. Springi za gari nilizokuwa nafulia visu zilikuwa na unene wa milimita sita kwenda juu, na wateja wangu wakubwa, wakataji samaki wa soko la Deep Sea, walitaka kisu chembamba kinachopinda kidogo kikifuata mfupa wa nguru. Kuitoa springi kwenye unene ule hadi wembamba ule kwa tupa ni kazi ya kuvunja mabega. Na wale si watu wa kubabaishwa. Mtu anayepasua samaki tangu alfajiri mpaka adhuhuri anajua kisu kuliko anayekitengeneza. Ukimpa kisu kinene anakurudishia saa hiyohiyo, mbele ya watu.

Jiwe la mota nilikuwa nalo, lile la kunolea majembe na mapanga. Kwa panga linatosha. Kwa kisu halifai, na hili nalisema bila kupepesa macho: jiwe ni la duara na dogo, linachimba vishimo kwenye bapa, na chuma kinashika moto kabla hujahesabu tatu. Nilitaka mashine ya mkanda wa msasa. Zamu yangu ya kupokea mchezo ilikuwa imekaribia na nilikuwa nimeapa kwamba pesa ile haitaliwa.

Nilikuwa nawazia mashine mbili. Ya kwanza ni ile ndogo ya mezani, mkanda wake una upana wa sentimita 2.5 na urefu wa 76, ambayo ningeweza kuiagiza Dar es Salaam nikaipokea kwenye basi. Ya pili ni ile ambayo watengeneza visu wa Marekani wameifanya kuwa kipimo chao: mkanda wa inchi 2 kwa 72, yaani sentimita 5 kwa 183, na mota ya kilowati 1.5 hivi. Kuinunua nje hiyo ya pili, ukaongeza usafiri na ushuru, kulikuwa mbali kabisa na uwezo wangu.

Mwenzangu mmoja wa Chumbageni, fundi wa milango ya aluminiamu, alikuwa na ile ndogo. Jumamosi moja nikamwendea na kisu cha samaki nilichokwisha kukitia matiko. Nilikuwa nimekipasha mpaka sumaku haikishiki tena na kupita kidogo, nikakizamisha kwenye mafuta, kisha nikakioka kwenye nyuzi 200 hivi ili kisiwe chepesi kuvunjika. Kilibaki kuondolewa unene kidogo na kung'arishwa.

"Jaribu tu, kaka," akaniambia. "Ila usikandamize."

Nilikigusisha taratibu, nakichovya kwenye ndoo ya maji kila mara. Upande wa mpini mambo yalikwenda vizuri. Nilipofika nchani, pale bapa linapobaki na unene wa milimita moja, nikaona rangi inaingia. Ilianza njano ya majani makavu ukingoni mwa makali, ikawa hudhurungi, ikawa zambarau, kisha bluu, ukanda mwembamba usiozidi upana wa ukucha. Yote hayo ndani ya pumzi moja. Nikachukua tupa nikajaribu. Katikati ya kisu iliteleza, inalia tu bila kung'ata. Kwenye ule ukanda wa bluu iling'ata. Bluu ile maana yake chuma kimefika karibu nyuzi 300, na makali yaliyofika huko yamelegea. Hayarudi mpaka kisu kitiwe matiko upya.

"Mimi nanolea patasi tu na hii," mwenzangu akasema, na kwa patasi sina neno nayo. Lakini visu vyangu ni vyembamba, na wembamba ndio unaolipiwa Deep Sea. Nikaondoka pale nikiwa sitafuti tena mashine yenye nguvu. Nilikuwa natafuta mashine isiyonichomea ncha.

Gofu kulikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma. Miaka yake mingi aliifanya kwenye karakana ya shamba la mkonge, upande wa Muheza. Tanga tuna bahati hii na tunaipita bila kuitazama. Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kutoka Florida, na miche iliyofika hai inasemwa ilikuwa 62 tu. Miche ile ikazaa mashamba, mashamba yakaleta korona, zile mashine za kukwangua majani, na korona zikataka mafundi, maana ikikatika ekseli huwezi kukaa ukingoja kipuri kije kwa meli huku mkonge uliokatwa unaoza. Bei ya mkonge ilipoanguka mashamba mengi yalififia, na baadhi ya wale mafundi wakahamishia ujuzi wao mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikamwekea kile kisu mezani. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole gumba juu ya ule ukanda wa bluu.

"Mkanda ulikuwa na urefu gani?"

"Sentimita 76."

Hakusema kitu. Alichukua chaki akainama sakafuni. "Tuseme mikanda yote inakwenda mita 10 kwa sekunde," akasema huku anaandika. "Huu wako mfupi, kila chembe ya msasa inapita kwenye chuma mara 13 kwa sekunde moja. Ule mrefu wa 183 unaousema, mara tano na kitu. Chembe inayopita mara 13 haina pa kupolea. Na inakwisha upesi. Ikishakwisha haikati tena, inasugua. Moto wako umetoka hapo."

Hesabu ile nimeibeba mpaka leo. Sikuwa nimewahi kuufikiria urefu wa mkanda kwa namna hiyo. Nilidhani urefu ni wa kukupa nafasi ya kufanyia kazi tu.

Akaendelea na mota. Umeme wa nyumbani ni fezi moja, volti 230, na mota za kawaida za fezi moja ziko za mizunguko karibu 2,800 kwa dakika na za karibu 1,400. Nichukue ya 1,400, akasema, kilowati 1.5, na iwe ile iliyofungwa kabisa yenye feni nyuma, kwa sababu vumbi la chuma likiingia ndani ya mota iliyo wazi litaiua. Halafu atanikerezea puli mbili za kuvalishwa kwenye mota. Ya sentimita 15 ingenipa mkanda unaokwenda mita 11 kwa sekunde, wa kuondolea unene kabla ya matiko. Ya sentimita 10 ingenipa mita saba, ya kumalizia kisu kikishakuwa kigumu.

Nilimuuliza kuhusu kile kifaa cha kubadilishia kasi ambacho wenzetu wa nje wanakipenda, kile kinachochukua umeme wa fezi moja na kulisha mota ya fezi tatu. Hakukikataa. Alisema nikikinunua nikifungie kwenye sanduku lisilopitisha vumbi, na kwamba pesa ile kwa sasa ingenunua mikanda mingi. Mpaka leo naona alikuwa sahihi. Puli mbili na spana zinamtosha mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani.

"Haya," akasema, akijifuta chaki mikononi, "na mkanda wenyewe utaupata wapi?"

Madukani Tanga sikuwa nimeona mkanda wa 183. Nikamjibu kwamba nitaagiza.

"Ukikatika siku una oda utakaa unangoja basi? Nenda kwa maseremala kwanza, uone wanatumia nini. Halafu rudi tujenge mashine."

Nikazunguka Ngamiani, barabara hii na ile, nachungulia karakana za samani. Nyingi zilitumia mashine ya kushika mkononi, mikanda yake mifupi mno. Lakini mmoja alikuwa na mashine ya kusimama yenye mkanda wa sentimita 15 kwa 122, na stoo yake ilikuwa na maboksi ya mikanda hiyo, namba 60, 80, 120, namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi. Nilimweleza shida yangu, akacheka, akanipa mmoja uliochakaa upande mmoja. Nikaweka alama kila baada ya sentimita 5, nikakata ukingo kwa mkasi kipande kidogo tu, nikavuta. Kitambaa kikachanika kufuata uzi wake, moja kwa moja, mpaka kikarudi nilipoanzia. Mkanda mmoja ukatoa mitatu. Nyuma yake kulikuwa na mshale, na yule seremala akaniambia nisiupuuze: mahali ulipoungwa kwa kupandanishwa, ukiuzungusha kinyume, chuma kitaufumua.

Mzee alipoiona mikanda ile mitatu aliifurahia. Hapo ndipo tukakubaliana umbo la mashine. Itaanza na mkanda wa 122 unaopatikana Ngamiani, na mkono wake wa mbele utakuwa skwea paipu inayoingia ndani ya skwea paipu nyingine, ili ukiuvuta nje sentimita 30 hivi na kuukaza kwa boliti, mkanda wa 183 nao uingie. Sijaona duka linalouza mashine ya namna hiyo, na sijutii kwamba sikununua dukani.

Kilichobaki moyoni mwangu zaidi ni ile puli ya juu. Mkanda wa msasa unapita kwenye puli nne: ya mota, mbili za mbele zenye bamba la chuma katikati unapoegemeza kisu, na moja ya juu inayosukumwa na springi ili mkanda ukae taiti. Tatu mzee alizikereza zikawa sawasawa. Ya juu aliiacha na kitumbo. Alikuwa anakereza aluminiamu, vijipande vyeupe vinamwagika kwenye mikono yake, na kila baada ya kupita mara moja anasimamisha mashine, anaweka rula juu ya puli na kutazama mwanga unaopenya pembeni. Katikati palizidi kingo kwa nusu milimita tu.

Nikamuuliza kwa nini asiache kingo mbili zilizosimama, zikauzuia mkanda usichomoke.

"Kingo zitaula," akasema. "Mkanda bapa haukai kwa kuzuiwa. Unapanda wenyewe kwenda palipo juu. Karakana yetu ilikuwa na mikanda mipana ya ngozi inazunguka siku nzima kwenye puli zisizo na kingo, na haikuanguka. Puli zote zilikuwa na kitumbo."

Akaingiza beringi mbili za 6203 zilizozibwa mpira pande zote, akachomeka ekseli ya milimita 17, akaipa puli msukumo wa kidole kimoja. Ilizunguka muda mrefu. Tuliisikiliza wote wawili.

Fremu aliichomelea jirani yangu. Kibanda changu kilikuwa cha makuti, na cheche za mashine ya mkanda zinaruka mbali, kwa hiyo nilishusha makuti yote nikaezeka mabati kabla ya kuwasha chochote. Chini ya mkanda niliweka ndoo ya maji ya kupokea cheche. Mipini yangu ni ya mpingo, na vumbi la mti likikutana na cheche ni moto, basi nikatenga siku za chuma na siku za mti, nafagia katikati. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la mpingo wala la chuma. Nilinunua ile ya mpira yenye vichujio, na nisingemshauri mtu aguse mashine hii bila hiyo.

Siku ya kuwasha, mkanda ulianza kwenda kushoto. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda na kahawa yake, hakuinuka. "Kaza boliti ya nyuma ya puli ya juu, robo tu," akasema. Nikakaza robo. Mkanda ukarudi katikati, ukatulia pale kwenye kitumbo, na ukabaki hapo.

Kile kisu cha ncha ya bluu nilikitia matiko upya, nikavalisha puli ndogo, nikashika mkanda wa namba 120. Nilifanya kazi bila glovu, vidole juu ya bapa, maana kidole kinakuambia joto kabla ya rangi. Kikishindwa kuvumilia, ndoo. Nilipita nchani, nikapita tena, chuma kikabaki cheupe. Tupa ikateleza kutoka mpini mpaka mwisho wa ncha.

Kesho yake asubuhi nilikipeleka Deep Sea. Mteja wangu alikikunja kidogo kwenye ubao, akakiachia kikanyooka, akamvuta nguru mbele yake na kumfungua kutoka kichwani hadi mkiani kwa mkono mmoja uliotulia. Hakunisifu. Aliniuliza nina vingapi.

Mikanda ya 183 nilianza kuiagiza baadaye, ile yenye chembe za seramiki, ambayo kwenye springi ya gari inakaa muda mrefu kuliko ya seremala. Naiweka chumbani juu ya kabati, si kibandani, kwa sababu unyevu wa pwani yetu unaikunja na kulegeza maungio. Mkono wa mbele sasa umevutwa nje na nadra naurudisha ndani. Mikanda ya kuchana ninayo bado, kwa siku ambazo mzigo wa Dar es Salaam umechelewa. Jiwe la mota nilimpa binamu yangu wa Pongwe, ananolea majembe.