Shikamoo kwa namba isiyo na jina

Mwezi Julai baridi ya Uyole, hapa Mbeya, humrudisha kila mtu ndani mapema, na jioni ile binti yangu wa darasa la nne alikuwa amejikunyata jikoni na simu yangu mkononi, akinakili maswali ya hisabati ambayo mwalimu huyatuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Nilipoichukua simu ili nimpigie mteja wangu wa viazi, nilikuta mazungumzo na namba nisiyoifahamu, na chini kabisa mistari mitatu inayofanana: "Ulifuta ujumbe huu." Mtoto alikuwa ameanza kufuta majibu yake kutoka chini, nami nikamkatiza kabla hajamaliza.

Yaliyobaki yalinitosha. Mtu yule alianza kwa kuuliza mwenye simu anasoma darasa la ngapi. Mwanangu akajibu: "Shikamoo mwalimu, nasoma la nne." Akaitikiwa: "Marahaba mwanangu." Kisha akaulizwa kama mama yupo karibu, akaeleza kwamba mama yupo nje anapima viazi, na hapo akaombwa picha yake akiwa amevaa sare ya shule. Ujumbe wa mwisho ulimwagiza afute kila kitu, kwa sababu mama akiona atagomba.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mgeni yule hakuwahi kusema kuwa yeye ni mwalimu. Cheo hicho alipewa na mwanangu mwenyewe, kwa kuwa simu ile kwake ni mahali ambapo walimu hutuma kazi, na mtu mzima anayeuliza habari za darasa hawezi kuwa mwingine. Mgeni alipokea shikamoo, akaitikia marahaba, na tangu hapo kila alichokisema kilikuwa na uzito wa agizo la mkubwa.

Huku kwetu mtoto hulelewa kwa salamu. Iwe ni kamwene ya Iringa na Njombe au mwagonile ya Rungwe, mtoto hukunja magoti kidogo, husubiri kuitikiwa, na akitumwa na mtu mzima wa mtaani huenda bila kuuliza sababu. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo na sitaki kuyaacha malezi hayo. Lakini yalijengwa mahali ambapo mkubwa anayesalimiwa ana sura, ana nyumba, ana majirani wanaomjua na watakaomuuliza akikosea. Namba isiyo na jina haina lolote kati ya hayo, nasi tumewakabidhi watoto simu bila kuwaambia tofauti hiyo.

Usiku ule sikumpiga binti yangu, ingawa nakiri kwamba hasira ilinipanda. Nilimuuliza alikuwa ameogopa nini, akasema, "Mama, alisema utagomba, na kweli wewe hugomba nikishika simu." Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Mtu anayetaka kumdhuru mtoto hana haja ya kubuni kitisho kipya ikiwa kitisho kilichopo nyumbani kinamtosha. Mtoto ambaye tayari anajua kwamba atachapwa kwa kushika simu atalificha jambo kubwa pamoja na lile dogo, na ndiyo maana nasema kwamba kazi ya kwanza ya mzazi ni kumhakikishia mtoto, kwa maneno na kwa matendo, kwamba akileta habari ya aina hii hataadhibiwa hata kama alikosea kujibu au hata kama picha ilikwisha kutumwa. Nashukuru kwamba kwetu picha haikutumwa.

Asubuhi yake nilikwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Nilikuwa nimepiga picha ya skrini ya mazungumzo yote, ikionyesha namba, tarehe na saa. Mzazi mwenzangu, tafadhali usiyafute maneno hayo kwa hasira au kwa aibu, na usimtukane mtu huyo ili kumtisha, kwa maana atatoweka na ushahidi utatoweka naye. Laini za simu hapa Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa hiyo namba ni mahali pa kuanzia uchunguzi. Tunayo Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayokataza kusambaza picha za ngono za watoto. Anayesita kwenda kituoni anaweza kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ambayo hailipiwi na ambayo hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Nimeiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mtungi wa maji.

Namba yangu ilimfikiaje? Katika kundi la WhatsApp kila mwanachama huona namba za wenzake, na kiungo cha kundi letu kilikuwa kimesambazwa ovyo hadi kundi likawa na watu ambao hakuna mzazi aliyewajua. Picha yangu ya wasifu nayo ilikuwa ya binti yangu siku ya mahafali ya awali, jina la shule likisomeka kwenye sweta. Sisi watu wazima ndio tuliomtangaza. Katika kikao cha wazazi tulikubaliana kwamba kiungo cha zamani kibatilishwe, kila anayeomba kujiunga aidhinishwe na msimamizi baada ya kutajwa mtoto wake, na picha za wanafunzi zenye majina na sare zisiwekwe humo. Baba mmoja alilalamika kwamba tunaharibu furaha ya mahafali, nami naelewa, lakini furaha hiyo inaweza kubaki kwenye albamu ya nyumbani.

Kuhusu simu yenyewe, WhatsApp, TikTok na Facebook zote huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujiunga, hivyo mtoto wa darasa la nne hapaswi kuwa na akaunti yake. Ila watoto wengi wa huku hutumia simu ya mama, ambamo akaunti ni ya mtu mzima na mtandao haujui kwamba mwenye kidole ni mtoto. Ninachofanya sasa ni kuyanakili maswali mwenyewe kwenye daftari, na anapohitaji kutazama somo la video naibandika programu hiyo moja kwenye skrini, ili asiweze kutoka humo bila namba yangu ya siri. Hutazama sebuleni, sauti ikisikika.

Wiki iliyopita aliniletea simu jikoni akiwa ameishika kwa mikono miwili. Namba mpya ilikuwa imeandika, "Hujambo mwanangu, mama yuko wapi?" naye hakuwa amejibu neno. Niliipiga mbele yake, na kumbe alikuwa kaka yangu wa Tukuyu, aliyebadilisha laini. Nilimweleza kwa nini hakusalimiwa, akaniomba nimpe mtoto simu. Binti yangu alisikiliza sauti kwanza, kisha akakunja magoti kidogo pale pale jikoni, akasema, "Shikamoo, mjomba."