MAGAZIJUTO pembeni mwa karatasi

Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa akifanya kazi, sare ya buluu ikichungulia chini ya koti, na kabla hatujaingia kwa mshauri wa masomo alinawa uso chooni, akajipaka mafuta mikononi, akanirekebisha kola. Ilikuwa Februari 2015, jimbo la Ohio, Marekani. Nilikuwa na miaka 14. Shule ilikuwa sekondari ya Kikatoliki, sehemu ya ada tukisaidiwa na parokia, na siku ile kila familia ilitengewa dakika 15: mnakaa, mnachagua masomo ya mwaka wa kwanza, mzazi anatia sahihi, inaingia familia nyingine.

Tulisubiri kwenye korido chini ya picha ya Mtakatifu Elizabeth Ann Seton. Mama aliniambia nimsomee maandishi ya chini yake. Nikamfasiria kwamba ni mtakatifu wa kwanza aliyezaliwa Marekani, alitangazwa mwaka 1975, alikuwa mjane mwenye watoto watano, akaanzisha shule Maryland.

"Mjane?" Mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na watoto watano." Sisi tulikuwa watatu, na marehemu baba alikuwa na miaka minne kaburini. Mama aliitazama ile picha mpaka tulipoitwa.

Nilidhani tunakwenda kuchagua. Barua iliyoletwa nyumbani ilisema hivyo, na usiku uliotangulia nilikuwa nimelala nikiwaza kama nichukue Kilatini au Kihispania. Lakini karatasi iliyowekwa mbele yetu ilikuwa imekwisha kujazwa. Ilikuwa na mistari saba. Wa kwanza ulikuwa wa dini, na huo haukunisumbua hata kidogo, maana kila mwanafunzi pale husoma dini miaka yote minne, awe Mkatoliki au asiwe. Vilifuata Kiingereza, baiolojia na historia. Kwenye mstari wa lugha ya kigeni walikuwa wamepiga mstari wa kalamu na kuandika juu yake "Kusoma", yaani darasa la wanaosoma Kiingereza kwa shida. Kwenye hisabati waliandika darasa la maandalizi ya aljebra, lililo chini ya aljebra yenyewe. Mstari niliobakiziwa nichague mwenyewe ulikuwa mmoja: kuchora au kuimba kwaya.

Mtihani uliotufikisha hapo unaitwa HSPT. Shule nyingi za Kikatoliki za Marekani huutumia kupokea wanafunzi na kuwapanga madarasani. Una maswali 298 katika sehemu tano. Sehemu ya maneno peke yake ina maswali 60, na muda wake ni dakika 16. Ukigawanya, ni sekunde 16 kwa swali. Mimi nilimaliza darasa la saba Tanzania Septemba 2013, na huko kila kitu nilifundishwa kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe. Kwa hiyo kila swali nililisoma kwa Kiingereza, nikalipeleka kwenye Kiswahili, nikalipatia jibu huko, kisha nikalirudisha. Safari hiyo haimaliziki kwa sekunde 16. Kusiliba viduara nilikujua, maana hata mtihani wetu wa darasa la saba tulisiliba. Nisichokijua ni kwamba HSPT haikati alama kwa jibu lisilo sahihi. Wenzangu walilijua hilo, na dakika za mwisho walisiliba chochote. Mimi niliacha wazi kila nisilolijua, kwa sababu nililelewa hivyo: usiandike usichokijua.

Hesabu ndizo zilizoniuma. Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika tuliimba darasani mpaka vikaingia kwenye damu, KDS na KKS, lakini niliyaona majina yake ya Kiingereza pale ukumbini nikayapita kama watu nisiowafahamu. Kisha yakaja mafuti na mainchi, painti na galoni, kwangu mimi niliyekua na mita na lita. Na kuna swali moja la sarafu ambalo sitalisahau. Lilitaka nilinganishe thamani ya dime kadhaa, nickel kadhaa na quarter. Kujumlisha nilijua. Nilikuwa sijui dime ni senti ngapi.

Jioni ya siku ile ya mtihani nilimwaga pochi ya mama mezani nikazipanga zile sarafu. Nickel imeandikwa senti tano, nikaielewa. Quarter imeandikwa robo dola, nayo nikaielewa. Dime ni ndogo kuliko nickel, nyembamba, na juu yake hakuna tarakimu ya thamani popote. Imeandikwa tu kwamba ni dime moja. Niliigeuza pande zote mbili mara nyingi. Ni senti kumi. Sarafu ndogo kuliko zote ina thamani mara mbili ya iliyo kubwa kuliko yenyewe, na mtoto asiyewahi kutumwa dukani katika nchi ile angelijuaje hilo? Nililia pale mezani. Sikulilia alama. Nililia kwa sababu jibu la swali lile lilikuwa kwenye pochi ya mama muda wote.

Sasa tukawa mbele ya mshauri, na mkalimani nilikuwa mimi. Mama alielewa Kiingereza cha kazini, cha dawa na mashuka na nyuzi za joto, ila mazungumzo ya namna ile aliniachia. Mtoto aliyewahi kumtafsiria mzazi anaelewa ninachosema. Wewe ndiye unayejadiliwa, na wewe ndiye mdomo wa wanaokujadili.

Mshauri alikuwa mtu mpole. Alifungua matokeo yangu, akaonyesha namba: katika maneno niliwazidi watahiniwa 14 tu katika kila 100, katika hesabu 33. Akaeleza kwamba wangependa nianze taratibu.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema nitaanza na darasa rahisi la hesabu."

"Rahisi kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Mshauri akasema sentensi nyingine, ndefu, huku akitabasamu. Mama akanigeukia. Nikamwambia, "Anasema ni kwa faida yangu." Haikuwa hiyo. Lakini mkono wa mama ulikuwa tayari umeshika kalamu, dakika zilikuwa zinakwisha, na nilitaka atie sahihi tuondoke akalale.

Hakutia. Aliweka kalamu chini, akaniambia, "Muulize. Ukianzia hapa, mwaka wa nne utakuwa umefika wapi?"

Nililiuliza swali lile kwa sauti ndogo. Mshauri alichukua karatasi tupu, akachora vidaraja. Hisabati ya sekondari za Marekani ni ngazi: aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, utangulizi wa kalkulasi, halafu kalkulasi yenyewe, ambayo wengine huimaliza kwa mtihani wa AP, wa kiwango cha chuo, unaotolewa na shirika la College Board kila Mei, wakapewa alama 1 mpaka 5, na vyuo vingi humhesabia aliyefanya vizuri kama amekwisha kulisoma somo hilo. Kidole chake kikaanza chini kabisa, mahali nilipopangwa, kikahesabu miaka minne. Kiliishia aljebra ya pili.

Hapo sikuhitaji kumtafsiria mama. Alikuwa anakitazama kile kidole.

"Mwambie," akasema, "mtihani ule ulikupima Kiingereza. Naomba akupime hesabu."

Ninaamini mpaka leo kwamba hilo ndilo lililokuwa la haki kuombwa, na kwamba lingepaswa kutolewa kabla ya mzazi kuliomba. Alama za mtihani mmoja wa saa mbili na nusu zinaweza kumpeleka mtoto kwenye reli isiyo na njia panda, na wanaolipia gharama yake zaidi ni watoto ambao wazazi wao hawajui kwamba karatasi iliyojazwa bado inaweza kukataliwa. Mama hakujua pia. Aliuliza tu.

Mshauri alisita, akapiga simu, na baada ya muda akaingia sista mmoja mzee, mkuu wa idara ya hisabati, mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta. Alisikiliza. Akasema, "Njoo chumbani kwangu. Mama yako apumzike hapa."

Chumbani kwake aliandika maswali kwa mkono wake, 12, mengi bila neno lolote, namba na alama tupu. Hakuweka saa mezani. Aliniachia penseli akaenda kufuta ubao. Nilipoona la kwanza limejaa mabano, mkono wangu ulifanya ulichozoea: niliandika pembeni mwa karatasi, kutoka juu kwenda chini, MAGAZIJUTO. Kisha nikaanza. Kulikuwa na milinganyo, sehemu, asilimia, na pembetatu ya kutafuta upande mrefu, ambayo Pythagoras alikuwa amenifikia tangu shule ya msingi. Nilisahau nilipo. Kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi ile nilikuwa ninafanya kitu bila kukipeleka popote na kukirudisha.

Sista alirudi, akasoma, akaweka kidole kwenye lile neno la pembeni. "Hii ni nini?"

Nikamweleza kwa Kiingereza nilichokuwa nacho: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ndio mpangilio wetu wa kufanya hesabu yenye alama nyingi. Uso wake ukafunguka. Akachukua penseli, akaandika kando yake neno lao, PEMDAS. "Tazama," akasema. "Lenu linatanguliza kugawanya. Letu linatanguliza kuzidisha." Chini yake akaandika 24 ÷ 4 × 2. "Kwa letu mtoto atapata 3. Kwa lenu atapata 12. Nani kasema kweli?"

Niliogopa kusema la kwao ni kosa. Nikamwambia ni 12, lakini si kwa sababu ya neno letu. Kuzidisha na kugawanya ni ndugu, hakuna mkubwa, anayetangulia ni aliye kushoto. Nikachukua penseli mkononi mwake, jambo ambalo nyumbani nisingethubutu kumfanyia mwalimu, nikaandika 12 − 5 + 3. Nikamwonyesha kwamba hapo hata letu linapoteza watu: ukijumlisha kwanza unapata 4, na jibu ni 10.

Hakusema kitu. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaikunja mara mbili akaitia kwenye mfuko wa sweta. Sikuipata tena.

Tuliporudi, mama alikuwa amesinzia kwenye kiti, kichwa ukutani. Sista alivuta fomu, akakata darasa la maandalizi, akaandika aljebra ya kwanza, akatia herufi za jina lake pembeni. Mstari wa "Kusoma" hakuugusa. Na nitasema kweli, hapo walikuwa sahihi. Mwalimu wa darasa lile alikaa na sisi wanafunzi saba mwaka mzima, akitusomesha kwa sauti mpaka ulimi ukalainika, na bila yeye baiolojia ingenishinda. Kilatini nilianza mwaka wa pili. Jiometri na aljebra ya pili nilizichukua pamoja mwaka huohuo ili nizibe pengo, nikaishiwa na usingizi, na Mei 2019 nikaufanya mtihani wa AP wa kalkulasi.

Mama alitia sahihi polepole, jina lote, kama anavyoandika siku zote.

Kwenye gari hakuwasha injini. Kioo kilikuwa kimefunikwa na theluji nyepesi, ndani kuna mwanga wa kijivu. Alivaa glavu moja, akaishika nyingine mkononi.

"Ile sentensi ndefu," akasema. "Uliyoiruka. Alisema nini?"

Nilitazama magoti yangu. "Alisema hataki kuniona nikizama. Na kwamba watoto waliotoka huko tulikotoka huwa hawamudu."

Alikaa kimya kwa muda.

"Ungeniambia, ningemjibu palepale."

"Ndiyo maana sikukuambia, mama."

Akavaa ile glavu ya pili, kidole kimoja kimoja, akawasha gari.