Lipiko ndani ya ghala la korosho

Ghala la kuonyeshea mchezo wetu wa lipiko, kinyago cha Wamakonde kinachovaliwa kichwani (wengi huwa mapiko), tulilipata kwa sababu ilikuwa Julai. Korosho huanza kuingia Oktoba. Katikati hapo ghala hubaki la popo na vichaga, zile fremu za mbao za kupangia magunia. Lilikuwa Chikongola, Mtwara mjini, mita 18 kwa 9, sakafu ya saruji, bati juu. Chuo kikuu Mtwara tulikuwa nacho, Stella Maris, tangu 2009, ila kumbi tulizozijua zilikuwa na jukwaa la juu, viti vya kukodi na ratiba ya harusi.

Kiongozi wetu alisomea sanaa za maonyesho Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaja na mifano yake. Jerzy Grotowski, mwongozaji wa michezo wa Poland, kabla na baada ya kuhamia mji wa Wrocław mwaka 1965, alipanga upya nafasi ya watazamaji kwa kila mchezo. Kamiriithu, Kenya, wanakijiji walijijengea uwanja wa maonyesho mwaka 1977, serikali ikaja kuubomoa 1982. Kina Penina Mlama na Amandina Lihamba walitoka Mlimani wakaenda kutunga michezo na watu wa Malya, kule Mwanza. "Na nyie Wamakonde," akasema, "duara la mapiko mnalo tangu mababu. Liingizeni humu."

Kuliingiza kulitutoa jasho. Kichaga kimoja kina kimo cha sentimita 14 hivi, basi tulikaza ngazi tatu: mikeka chini, kichaga kimoja, halafu viwili kimoja juu ya kingine. Watu 80 wakaenea, na wa nyuma akaona miguu ya mchezaji. Bila miguu hakuna sindimba wala lipiko.

Mzee aliyetuazima lipiko alitoa sharti moja: lisivaliwe wala kuvuliwa machoni pa watu. Tukazungushia turubai mlango wa nyuma, mchezaji akawa anatokea nje, gizani, kama anavyotoka porini. Sharti lile lilitusaidia kuliko pazia lolote.

Mazoezi ya kwanza yalitushinda kwa mwangwi. Ngoma za vinganga zikilia chini ya bati, maneno ya waigizaji yanamezwa yote. Tulitundika magunia matupu ya katani ukutani, tukiyaacha mbali na ukuta kama upana wa kiganja. Yakigusana na ukuta hayanyonyi sauti vizuri. Ngozi za ngoma nazo hulegea kwa unyevu wa bahari, na moto wa wazi ndani ya ghala ni marufuku, hivyo wapigaji walizikausha nje kwa moto wa nyasi kavu dakika chache kabla ya kuanza. Ukiwahi mno zinalegea tena.

Usiku wa onyesho kilichotuangusha ni waya. Tulikuwa na taa nne za halojeni, wati 500 kila moja. Jumla 2,000, karibu ampea 9 kwa volti 230. Waya wa mita 30 ulikuwa bado umeviringwa kwenye gurudumu lake. Waya ulionyooshwa unapoza joto hewani. Ulioviringwa unajipika wenyewe. Dakika ya ishirini ikaanza harufu ya plastiki, kisha giza.

Tukawasha karabai mbili, moja kila upande, kwenye vichaga. Na hapo ndipo tulipoona kosa letu jingine. Lipiko huvaliwa likiinamia nyuma, na mchezaji anaonea kupitia mdomo wa kinyago. Taa zetu za mbele zilikuwa zikimchoma machoni moja kwa moja kwenye kile kitundu, ndiyo maana siku zote za mazoezi alikuwa akikosea duara akikanyaga mikeka. Tukadhani ni woga! Kwa mwanga wa ubavuni alicheza hadi mwisho bila kumgusa mtu, na makunyanzi yaliyochongwa shavuni yakatoa vivuli.

Siku ya pili waya tuliunyoosha wote, taa zikabaki mbili, ubavuni. Oktoba magunia ya korosho yakarudi. Misumari yetu ukutani mtunza ghala hakuing'oa. Alitundika mmoja leja, mwingine koti lake la mvua.