Planta Isiyotunzwa na Gunia Linalopotea Kabla ya Mvua

Kila mwaka masika yanapokaribia, karakana yetu hapa Changamwe, Mombasa, hujaa planta za mahindi, yaani mashine za kupandia, kutoka mashamba ya Kwale na Kilifi, na nyingi huletwa katika wiki ileile ambayo zilipaswa kuwa shambani. Mwenyewe hutaka jambo moja tu: mashine ivutwe na trekta na mbegu zidondoke. Nasema kwa uzito kwamba mavuno mengi ya mahindi hupotea hapo, kabla ya viwavijeshi, kabla ya ukame, na kabla muuza mbegu hajaanza kulaumiwa.

Tuchukue kisahani cha mbegu, kile kinachozunguka chini ya sanduku na kubeba punje moja katika kila tundu. Tuseme kina matundu 24, na planta imepangwa kuacha sentimita 25 kati ya punje na punje. Tundu moja likizibwa na kipande cha punje au na vumbi la dawa ya mbegu lililogandamana, mstari utakuwa na pengo kila baada ya mita 6, kuanzia mwanzo wa shamba hadi mwisho wake. Mistari ikiachana kwa sentimita 75, ekari moja huchukua takriban mimea 21,500, na mmoja katika kila 24 ni mimea karibu 900. Ukikadiria kwamba kila mmea ungetoa gramu 100 tu za punje kavu, umepoteza kilo 90, yaani gunia zima kwa kila ekari iliyopandwa na visahani vya namna hiyo. Ni kweli kwamba mimea iliyo kando ya pengo hupata mwanga na mbolea zaidi, ikafidia kiasi; lakini haifidii yote, na palizi ya pengo lile utailipia vilevile, kwa kuwa magugu hupenda sana mahali palipo wazi.

Mapengo yasiyofuata kipimo yana chanzo kingine, na hapa pwani mara nyingi ni mnyororo unaozungusha kisahani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mnyororo uliolala bila oili tangu msimu uliopita huingia kutu kwenye viungo. Uchukue mkononi uukunje polepole: utaona kiungo kimoja au viwili vinabaki vimepinda, havirudi kunyooka. Kiungo hicho kinapopita kwenye meno ya gia, kisahani husita kidogo kisha huruka, na shambani utakuta nafasi tupu ikifuatwa na punje mbili au tatu zilizorundikana. Mimea iliyosongamana hivyo hunyang'anyana maji na chakula tangu ikiwa michanga, na mwishowe mmoja huzaa gunzi dogo, au hubaki bua tupu.

Suala la kina cha mbegu husahaulika zaidi, ingawa kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Diski mbili zinazofungua mfuo zinatakiwa kugusana upande wa mbele ili mfuo uwe na umbo la V. Udongo wetu wa kichanga huzila diski hizo upesi. Zikishalika na kuachana, katikati ya mfuo hubaki tuta dogo la udongo, punje moja ikakaa juu yake na nyingine ikatelezea pembeni. Iliyo kwenye sentimita 5 yenye unyevu huota kwa wakati wake, ilhali iliyo juu juu huamshwa na manyunyu ya kwanza, kisha jua likawaka siku chache ikakauka. Hata ikinusurika, mche unaochelewa kutoka hufunikwa kivuli na wenzake, na kuanzia hapo unakula mbolea bila kuzaa cha maana. Kwa hiyo ninapomtembelea mkulima, siridhiki na kutazama mstari ukiwa umefukiwa. Nafukua kwa mkono mita 10, nahesabu kama punje zinakaribia 40, na kila moja naipima ilivyo chini ya ardhi.

Upepo wa matairi nao uangaliwe. Katika planta ambayo visahani vyake huzungushwa na gurudumu lake lenyewe, tairi lililopungua upepo huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na mbegu hudondoka kwa wingi kuliko ulivyokusudia.

Yote haya hutengenezeka kwa gharama ndogo, mradi yafanywe baada ya kupanda badala ya kusubiri mawingu. Planta ikitoka shambani, mwaga mbegu na mbolea yote iliyobaki, hasa mbolea, kwa sababu huvuta unyevu na kula chuma usiku na mchana. Osha masanduku, yakaushe kabisa, lowesha mnyororo kwa oili, tia grisi kwenye beringi, legeza springi, kisha uiweke chini ya paa. Visahani vihifadhiwe ndani ya nyumba, mahali ambapo panya hawafiki. Diski na minyororo iliyochoka iandikwe siku hiyohiyo na kununuliwa mwezi wa Agosti au Septemba, kwa kuwa mwezi wa Machi kila mtu huzitafuta, na fundi aliyezingirwa na mashine za watu hawezi kuipa planta yako nusu siku ya kuijaribu uwanjani kabla haijaondoka.