Kusaka kinywe Seathwaite huku mvua inanyesha

Basi namba 78 la kutoka Keswick, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, linakushusha Seatoller, kuanzia hapo ni mguu mpaka Seathwaite, kitongoji kinachosifika kwa mvua kuliko vyote Uingereza, na siku ile nilikoma. Nilikuwa nasaka kinywe, yaani grafiti, sio kile cha kwenye penseli maana kile kina udongo wa mfinyanzi ndani tangu Mfaransa Conté alipobuni mchanganyiko wake 1795, nilitaka jiwe lenyewe.

Machimbo yako juu mkono wa kulia, mlima mkali, nyasi zinateleza balaa, halafu unaanza kuona vifusi vimemwagika chini ya midomo ya mashimo. Ndani sikuingia, mashimo ya miaka mamia huko mtaniona kichaa. Nikachambua vifusi tu, kila kijiwe cheusi nakisugua kwenye karatasi, kikikwaruza natupa, mpaka nikapata kipunje kimeng'ang'ania mwamba, laini, kinateleza kidoleni kama kimepakwa mafuta, kikaacha alama ya kijivu inayong'aa.

Cha hapa kilikuwa cha kipekee, kilitoka mabonge mazima ambayo unayapasua kwa msumeno upate vijiti, ndo penseli za mwanzo hizo. Wachungaji walitia nacho alama kondoo, baadaye kikapakwa ndani ya kalibu za kumiminia risasi za chuma za mizinga, kikawa mali mpaka 1752 Bunge likatunga sheria ya kuwabana wezi wake. Kwingine kingi kinakuja vipande bapa vidogo ndani ya mwamba, lazima uusage, kinywe kielee kwenye povu kitengane na mawe, Sri Lanka kinakaa kwenye mishipa, na kuna cha kiwandani wanachoma koki ya petroli, masalia magumu ya kusafisha mafuta, mpaka karibu nyuzi 3000 za Selsiasi. Kwa hiyo mtu akikwambia anauza kinywe, muulize kipi.

Nikiwa nasubiri basi nikatoa mita ya kupimia umeme na kipande cha mkaa wa kuni nilichobeba makusudi. Kwenye kinywe umeme unapita, kwenye mkaa kimya! Na zote ni kaboni jamani. Kwenye kinywe kila atomu imeshikana na wenzake watatu kwenye tabaka bapa, elektroni moja inabaki inazurura, na tabaka zenyewe zimeshikana kilegevu ndo maana zinateleza. Almasi imeshika wanne, hakuna wa kuzurura. Mkaa una vitabaka vidogo vimekaa shaghalabaghala, na mwanasayansi Rosalind Franklin alionyesha 1951 kwamba kaboni za namna hiyo hata uzichome nyuzi 3000 hazigeuki kinywe, kwa hiyo mnaodhani unaweza kuchoma tu mkaa nyumbani ukapata kinywe, mnisamehe.

Kurudi nikapitia Manchester, ndiko wanasayansi Geim na Novoselov walikobandua kwa selotepu tabaka la kinywe lenye unene wa atomu moja, wakatangaza 2004, Nobel ikafuata 2010. Chumbani na mimi nikabandika selotepu kwenye kipunje changu, nikabandua, nikakunja, nikabandua tena, weusi ukawa kijivu, kijivu kikazidi kufifia, mpaka selotepu ikaisha.