London haitazami Goma, inatazama mashua

Kila mara tangazo la "wasiwasi mkubwa" likitoka London, hapa Goma vikundi vya WhatsApp vinagawanyika pande mbili. Wengine wanasema Waingereza wametuuza, wengine wanasema Waingereza wameamka. Pande zote mbili zinawapa Waingereza sifa wasiyostahili, kwamba wanakesha wakitufikiria. Ninavyoona mimi, siasa ya London juu ya mashariki ya Congo kwa miaka hii haikupikwa sana kwenye Wizara ya Mambo ya Nje. Ilipikwa kwenye Wizara ya Mambo ya Ndani, ile inayohangaika na watu wanaovuka bahari kutoka Ufaransa kwa mashua za mpira. Fuata hizo mashua na mambo mengi yanayoonekana kama kigeugeu yataeleweka.

Chukua mwezi mmoja tu, Juni 2022. Tarehe 13, waasi wa M23 wanaingia Bunagana, mji wa Congo kwenye mpaka na Uganda. Tarehe 14 jioni, ndege ya kukodi inasubiri kwenye uwanja wa kijeshi wa Boscombe Down ipeleke Kigali kundi la kwanza la watu walioomba hifadhi Uingereza, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu inaingilia kati, ndege hairuki. Wiki iliyofuata wakuu wa Jumuiya ya Madola wanakutana Kigali kwenyewe, na Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, yumo. Asubuhi ya tarehe 24, akiwa bado huko, anapata habari kwamba chama chake, Conservative, kimepoteza viti viwili vya Bunge kwa siku moja, Wakefield na Tiverton and Honiton. Hicho cha pili Conservative walikuwa wamekichukua 2019 kwa tofauti ya kura zaidi ya 24,000. Wiki mbili baadaye, tarehe 7 Julai, Johnson alitangaza kung'atuka. Kwa mtu mwenye matatizo hayo, Bunagana ilikuwa mbali sana, hata kama kutoka Kigali ni mwendo wa saa chache kwa gari.

Mkataba wenyewe wa Uingereza na Rwanda ulitangazwa tarehe 14 Aprili 2022. Uingereza ingepeleka Rwanda watu waliofika bila ruhusa, kesi zao zisikilizwe huko, na wanaokubaliwa wabaki huko huko. Pesa zilitangulia watu: pauni milioni 140 mwaka wa kwanza, milioni 100 mwaka uliofuata, milioni 50 nyingine Aprili 2024. Jumla pauni milioni 290 zilizoingia Kigali. Walioenda ni watu wanne, tena kwa hiari yao. Ukiongeza mawakili, maofisa, ndege zisizoruka na vituo vya kuzuilia watu, serikali ya chama cha Labour ilipoingia Julai 2024 ilitaja hasara ya pauni milioni 700.

Pesa si jambo baya kuliko yote katika mkataba huo. Ili upite, Uingereza ililazimika kusema Rwanda ni nchi salama, na kuisema kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama Kuu Zaidi mjini London iliamua, majaji wote kwa pamoja, kwamba mpango haukubaliki kisheria kwa sababu kulikuwa na hatari ya watu kurudishwa walikokimbia. Serikali ya Rishi Sunak ikajibu kwa kutunga sheria, iliyotiwa saini ya mfalme Aprili 2024, inayomwamuru kila jaji na ofisa aichukulie Rwanda kuwa salama. Bunge likaandika hali ya nchi ya watu kama sheria! Na si kwamba hawakujua. Nyaraka zilizofunuliwa mahakamani London mwaka 2022 zilionyesha kwamba balozi wa Uingereza mjini Kigali alikuwa ametahadharisha mapema, kabla ya mkataba, kwamba Rwanda inatuhumiwa kuandikisha wakimbizi wapigane katika nchi jirani. Nchi jirani ni ipi, mtu wa Rutshuru, hapa mashariki ya Congo, hahitaji kuambiwa.

Sasa jiulize, serikali inayolipa mawakili ithibitishe Rwanda ni salama itawezaje wiki hiyo hiyo kusimama Umoja wa Mataifa na kuisema vikali Rwanda kwa kupeleka wanajeshi Masisi? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika Desemba 2022 juu ya jeshi la Rwanda kusaidia M23, na katikati ya 2024 wakakadiria wanajeshi wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 ndani ya Congo. London ilisoma. Ilitoa matamko. Mkono wake ulikuwa umefungwa na kamba iliyojisukia yenyewe.

Linganisha na 2012, kabla ya mashua. Ripoti ya wataalamu ilipotoka, Uingereza ilizuia pauni milioni 16 za msaada kwa Rwanda Julai mwaka huo. Waziri wa misaada, Andrew Mitchell, akaziachilia siku yake ya mwisho ofisini Septemba, nusu yake, milioni 8, moja kwa moja kwenye bajeti na nusu kwa miradi, na kamati ya Bunge ikamsema kwa hilo. M23 wakaingia Goma tarehe 20 Novemba. Tarehe 30, waziri aliyemfuata, Justine Greening, akazuia milioni 21. Kesho yake M23 wakatoka mjini. Sisemi ni milioni 21 zilizowatoa. Marekani, Uholanzi na Ujerumani walikuwa wameanza kubana tangu Julai, na marais wa kanda walikuwa wanakutana Kampala. Lakini angalia namna ya pesa ile: ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye bajeti ya serikali ya Rwanda, kwa hiyo sahihi moja ilitosha kuifunga na wizara ya fedha ya Kigali ikasikia siku hiyo hiyo. Pesa inayopitia miradi na mashirika haiumi hivyo. Ukiisimamisha, wa kwanza kusikia maumivu ni mwalimu na muuguzi.

Mwaka 2025 mambo yalikwenda vingine. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 28 Januari David Lammy, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliliambia Bunge kwamba Rwanda inapata zaidi ya dola bilioni moja za misaada ya dunia kila mwaka, na sehemu ya Uingereza ni kama pauni milioni 32. Weka hizo 32 kando ya 290 za mkataba wa wahamiaji. Tishio lilikuwa dogo mara tisa kuliko zawadi iliyokwisha kutolewa.

Tarehe 25 Februari ndipo London ikachukua hatua: kusimamisha msaada wa moja kwa moja, isipokuwa ule wa maskini kabisa, kutohudhuria shughuli kubwa za serikali ya Rwanda, kupunguza kutangaza biashara, kusitisha mafunzo ya kijeshi ya baadaye, kuchunguza upya vibali vya kuuza vifaa kwa jeshi lake. Si kidogo kwa serikali iliyozoea matamko. Ila Marekani ilikuwa imeshamwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda na jenerali wa zamani, tarehe 20, na Machi 17 Umoja wa Ulaya ukawataja makamanda na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo. Majina na dhahabu, hapo ndipo penye uzito. Orodha ya London haikuwa na jina la mtu hata mmoja.

Na siku hiyo hiyo ya tarehe 25, waziri mkuu Keir Starmer alisimama Bungeni kutangaza jambo jingine, ambalo Goma halikusikika sana: msaada wote wa Uingereza kwa dunia utashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 kufikia 2027, ili pesa ziende kwenye ulinzi. Kabla ya 2021 ilikuwa 0.7, na iko kwenye sheria tangu 2015. Waziri wa maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu siku tatu baadaye. Hata hiyo 0.5 haikuwa yote ya nje: mwaka 2023 pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya msaada wote, zilitumika ndani ya Uingereza kuwatunza wakimbizi na waomba hifadhi, hoteli zikiwemo. Kwa hiyo mtu aliyevuka bahari kwa mashua anahesabiwa kwenye mfuko ule ule ambao ungenunua hema la kambi ya wakimbizi ya Bulengo. Nchi inayopunguza fimbo yake kila mwaka inabaki na nini cha kutishia?

Kwa nini mashua zina nguvu hivyo? Mwaka 2022 walivuka watu zaidi ya 45,000. Kwa nchi ya watu karibu milioni 68 si mafuriko, na sisi tuliopokea wakimbizi wa Rwanda wa 1994 tunaweza kucheka kidogo. Jibu liko kwenye namna wanavyochagua. Viti ni 650, kila jimbo mbunge mmoja, mwenye kura nyingi anachukua hata kama ana asilimia 30, hakuna duru ya pili. Hesabu hiyo tunaijua: tangu katiba ilipobadilishwa Januari 2011, rais wa Congo naye anapita kwa duru moja, na 2018 asilimia 38 zilitosha. Julai 2024 Labour walipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411. Reform UK cha Nigel Farage, chama cha kupinga wahamiaji, kilipata asilimia 14.3 na viti 5 tu. Wengi waliishia hapo wakasema Farage ameshindwa. Tazama waliokuwa wa pili: Reform walikuwa wa pili kwenye majimbo 98, na 89 kati ya hayo yalishikwa na Labour. Mbunge wa Labour wa jimbo kama hilo akiamka asubuhi hawazi Kibumba. Anawaza mashua ngapi zimefika Dover.

Starmer aliua mpango wa Rwanda siku yake ya kwanza kazini, na alifanya vizuri. Lakini hofu iliyouzaa haikufa, ilihamia kwetu. Novemba 2025 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitishia Angola, Namibia na Congo adhabu za viza zisipowapokea raia wao wanaofukuzwa Uingereza. Mwisho wa Desemba wale wawili walikuwa wamekubali, na Congo ikaondolewa huduma ya viza ya haraka, pamoja na upendeleo wa wakubwa wake. Kwa shida ile ile ya mashua, Kigali ililipwa na Kinshasa ikaadhibiwa. Kigali ilifika na kitu cha kuuza. Kinshasa ilifika na malalamiko, na barua zisizojibiwa kwa wakati. Hilo la mwisho ni kosa letu, tusilitupie muzungu.

Kuna jambo dogo ambalo Wakongomani wa London wengi hawalijui. Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola 2009. Kwa sheria ya Uingereza, raia wa nchi ya Jumuiya hiyo anayeishi kule kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura ya Bunge. Mnyarwanda mwenye kibali cha kukaa anapiga kura. Mkongomani mwenye kibali kile kile hapigi mpaka apate uraia. Ndiyo maana maandamano makubwa mbele ya ofisi ya waziri mkuu hayatikisi kitu: wabunge wanahesabu wapiga kura wa jimbo, si vichwa barabarani.

Kwa hiyo mwenye ndugu Uingereza amwambie hivi. Mbunge anamjibu mkaaji wa jimbo lake tu, mwenye uraia au asiye nao, basi barua iwe na anwani kamili na msimbo wa posta. Bila hiyo inatupwa. Asiombe "vita viishe". Aombe kitu ambacho mbunge anaweza kufanya Jumanne: kuuliza swali la maandishi kwamba vibali vingapi vya vifaa vya kijeshi kwa Rwanda vimefutwa tangu Februari 2025, na ni vipi. Swali la namna hiyo wizara inalazimika kulijibu, na jibu linabaki kwenye kumbukumbu. Ombi la mtandaoni la Bunge nalo lina ngazi zake: watu watano wa kuliunga mkono kwanza, sahihi 10,000 serikali ijibu, 100,000 lifikiriwe kujadiliwa, miezi sita likafungwa. Wanaotia sahihi wawe raia wa Uingereza au wakaaji wa kule. Sahihi za kutoka Majengo na Birere, hapa Goma, zinaharibu kazi tu. Na mjadala ukifanyika, mara nyingi ni Westminster Hall, ukumbi wa pembeni wa Bunge, ambako hakuna kura inayoifunga serikali.

Njia ambayo mtu wa Goma au Bukavu anaweza kuitumia mwenyewe ni kamati. Kamati ya Mambo ya Nje na ile ya Maendeleo ya Kimataifa zikifungua uchunguzi, zinapokea ushahidi wa maandishi kutoka kwa yeyote, popote alipo, na serikali kwa desturi inajibu ripoti ndani ya miezi miwili. Andika kwa Kiingereza, usizidi maneno 3,000, na usitume maandishi uliyokwisha kuyachapisha mahali pengine, watayakataa. Taja tarehe, mahali na ulichokiona. Hotuba juu ya mkutano wa Berlin wa 1885, ule wa kugawana Afrika, wanazo za kutosha. Kama jina lako linaweza kukuletea shida, omba lisichapishwe wakati unapotuma, na uondoe pia mambo madogo yanayokutambulisha ndani ya maandishi: jina la mtaa, la shule, la kanisa. Ushahidi ukishawekwa kwenye tovuti ya Bunge, kila mtu anausoma, na wa hapa pia.