Neno "Mkana Mungu" Lilivyonishinda Ughaibuni

Tangu nihamie Uingereza sijawahi kuulizwa kwa ubaya kwa nini ninakwenda kanisani, ila nimeulizwa mara nyingi kwa udadisi, kama mtu anavyoulizwa kwa nini anafuga njiwa. Katika sensa ya mwaka 2021, Wakristo wa England na Wales walikuwa asilimia 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza, na waliojiandikisha kuwa hawana dini walifikia asilimia 37.2. Kwa kadiri nilivyowaona, wengi wa hao wasio na dini hawana ugomvi wowote na Mungu, hawamfikirii tu. Wanaopenda kubishana ni wachache, na hao ndio niliokutana nao pale kanisa ninaloabudu lilipowaalika wasioamini wa mji huu kwa midahalo ya jioni sita, nami nikaombwa niwe mmoja wa wasemaji wa upande wetu.

Nilikwenda nikijiamini kupita kiasi. Jioni ya kwanza nilisimama nikasema kwamba kila kitu kina aliyekitengeneza, na kwa hiyo ulimwengu una Muumba. Mwalimu mstaafu wa fizikia, aliyekaa upande wa pili, aliuliza kwa upole Mungu naye alitengenezwa na nani, nami nikaketi. Nilipokwenda kusoma baadaye niligundua kwamba hoja niliyoitoa haikuwahi kutetewa na mwanafalsafa yeyote wa maana. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, hakusema kwamba kila kitu kina sababu. Alisema kila chenye mwanzo kina sababu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoibeba hoja nzima. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, hakuhitaji hata huo mwanzo, kwani kwake ulimwengu uliokuwapo tangu milele bado ungehitaji kitu cha kuutegemea ili uendelee kuwapo. Mwaka 1948, padri Frederick Copleston na mwanafalsafa asiyeamini, Bertrand Russell, walijadiliana jambo hilo katika redio ya BBC. Padri alishikilia kwamba ni lazima pawe na maelezo ya kwa nini ulimwengu upo, na Russell akajibu kwamba ulimwengu upo tu, basi. Sidhani kwamba tangu siku hiyo kuna aliyewavusha mbele ya hapo: mmoja anaona swali linadai jibu, mwingine anaona hakuna swali.

Jioni ya pili nilijikwaa kwa jambo ambalo sikulitarajia, nalo ni lugha yangu mwenyewe. Wakati wa mapumziko, mwalimu yule aliniuliza Kiswahili kinamwitaje mtu kama yeye. Nikamwambia ni mkana Mungu, kisha nikamfafanulia kwamba kukana ni kukataa jambo unalotuhumiwa au kumkataa mtu unayemjua, kama Petro alivyomkana Yesu mara tatu kabla ya jogoo kuwika. Alicheka, akasema kwamba basi neno letu limekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa, kwa sababu Petro alikuwa akimjua vizuri yule aliyemkana, ilhali yeye hajawahi kukutana na huyo anayesemekana kumkana.

Nilitafakari maneno hayo njia nzima nikirudi nyumbani, kwani ndani yake mna ubishi ambao wanafalsafa wameuita mzigo wa kuthibitisha. Katika miaka ya 1970 Antony Flew, mwanafalsafa Mwingereza ambaye wakati huo hakuamini, alitetea msimamo kwamba asiyeamini hana deni la kuthibitisha lolote. Anayedai kwamba Mungu yupo ndiye alete ushahidi, na mpaka aulete, mwenzake anaruhusiwa kubaki alipo. Wakristo wengi hujibu kwamba kusema hakuna Mungu nako ni dai, na kwamba mwenye dai hawezi kujificha nyuma ya ukimya. Kila upande una haki yake, kutegemea unamzungumzia nani: yupo anayesema kwa uhakika kwamba hakuna Mungu, na yupo ambaye hajashawishika tu. Kiswahili chetu kimewatia wote katika kapu moja lenye jina la shutuma, na nadhani ndiyo maana midahalo yetu kwa Kiswahili hugeuka mahubiri haraka sana. Tangu jioni ile nasema "asiyeamini". (Flew mwenyewe alitangaza mwaka 2004 kwamba sasa anakubali kuwapo kwa Mungu wa aina fulani, nasi Wakristo tukashangilia kama waliofunga bao, tukisahau kwamba Mungu huyo hakuwa wetu.)

Kuhusu sayansi sitasema mengi, maana jioni hiyo ilikwisha mapema. Upande wetu ulitaka kuutumia mlipuko mkuu (Big Bang), yaani nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyoanza kutanuka, kama ushahidi wa uumbaji. Bahati mbaya kwetu, Georges Lemaître, aliyependekeza wazo hilo mwaka 1931, alikuwa padri, naye hakutaka kabisa nadharia yake itumiwe kuthibitisha Biblia. Darasani alikuwa mwanafizikia na altareni alikuwa padri, na hakuona haja ya kumtumia mmoja amtetee mwingine.

Jioni iliyonitesa ilikuwa ya nne, ya uovu na mateso. Mama mmoja wa upande wao hakuleta falsafa. Alisimulia kwa sentensi tatu habari za mtoto aliyekufa kwa saratani, akaketi. Najua majibu. Mwaka 1955 J. L. Mackie, mwanafalsafa asiyeamini, alisema kwamba Mungu mwema na mwenye uwezo wote hawezi kuwapo pamoja na uovu, na mwaka 1974 mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga akajibu kwamba huenda hata Mungu hawezi kuumba viumbe walio huru kweli na wakati huohuo akahakikisha kwamba hawatatenda uovu kamwe. Wengi hata miongoni mwa wasioamini wanakubali kwamba jibu hilo lilipangua hoja ya Mackie katika umbo lake kali. Lakini seli za saratani hazina utashi. Tetemeko lililoibomoa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755 liliwakuta watu makanisani katika Sikukuu ya Watakatifu Wote, na hakuna aliyelichagua. Msemaji mwenzangu alianza kueleza kwamba mateso hukomaza roho, nikamgusa mkono anyamaze. Mtoto yule hakupewa muda wa kukomaa. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote walizonazo, na Mkristo anayeijibu haraka hajaisikia.

Nilipopewa zamu nilisema tu kwamba sina jibu, na kwamba Ayubu naye hakupewa. Alipewa kuonana na Mungu, jambo ambalo si maelezo. Yule mama aliniuliza inawezekanaje niendelee kuamini. Hapo lugha iliyoniangusha jioni ya pili ilinisaidia kidogo. Nilimwambia kwamba kwetu "naamini kwamba" na "namwamini" zinatengwa na silabi moja tu, lakini la kwanza ni maoni juu ya jambo na la pili ni kumtegemea mtu. Tena mzizi huohuo ndio uliotupa imani, amana na uaminifu. Midahalo yote sita ilihusu lile la kwanza, nami nikienda kanisani nakwenda kwa ajili ya la pili. Akajibu kwamba huwezi kumtegemea asiyekuwapo, kwa hiyo la pili linaning'inia juu ya la kwanza. Ni kweli, na sikumpinga.

Jioni ya mwisho, tulipokuwa tukipanga viti, mwalimu wa fizikia alitaka kujua sentensi yenyewe tuliyokuwa tukiigombania inasemwaje kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Mungu yupo." Akauliza kila kipande kina maana gani. Nilimweleza kwamba "yu" ni yeye, na "po" ni mahali, tena mahali mahususi panapojulikana. Kama mahali penyewe hapajulikani vizuri tungesema yuko, na kama ni ndani ya kitu, yumo. Aliandika yote matatu kwenye bahasha, akayatazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini nimechagua la kwanza.